Kumbe Rosebela Pia Ulimfundisha Kutangulia

Baba Akinyi wangu,

Huku tuko sawa. Kuku ya jirani bado inataga kwetu, na mimi bado sisemi. Lakini leo sikuandikii mambo ya kuku. Nimekukasirikia, na huko uliko usijifanye umelala.

Unakumbuka vile tulikuwa tunacheza poka hapa Kaloleni, Jumapili tukitoka kanisa? Wewe, mimi na ndugu yako Owino, vifuniko vya soda ndio pesa yetu. Wewe lazima ukae kushoto yangu, ati hapo kuna upepo. Upepo gani! Ulitaka mimi niongee kwanza, uone nimefanya nini, ndio uamue yako. Nilikuwa nalia, "Baba Akinyi, hii kiti inanimaliza!"

Siku moja mvua ikatufungia ndani, ukanihurumia. Ukaniambia polepole, kama mtu anatongoza: "Mama, nikipandisha dau kabla kadi za mezani zifunguliwe, jua nimeshika kubwa, kingi ama es. Wewe ukifuata na vikadi vyako vidogo, halafu mezani ianguke tano, sita, saba, hiyo meza ni yako. Usiningojee. Tangulia, weka kidogo tu. Nikikosa kitu natupa kadi. Nikibaki, nimebaki kwa bei yako."

Nikajaribu. Ukatupa es na kingi, nikaruka mpaka ugali ikaungua. Ukasema, "Hii ni yako peke yako. Hata Owino usimwambie."

Na mdomo yangu si unaijua? Kaloleni yote inajua. Lakini hiyo moja nilifunga.

Sasa Jumapili iliyopita nikaita Rosebela, yule wa chapati, akakaa kwa kiti yako. Nikagawa kadi mimi, kwa hivyo za mezani zikifunguliwa yeye ndiye anaongea kwanza. Nikapandisha na es na kingi. Rosebela akafuata, Owino akatupa. Mezani ikaanguka nne, tano, saba. Huyo mama hakungoja! Akasukuma vifuniko kidogo na kidole ya mwisho, vile vile wewe ulikuwa unasukuma.

Wuololo! Moyo ikaniruka.

"Rosebela, nani alikufundisha hiyo?"

"Si ni mzee wako, Mama. Akiwa amelazwa hospitali ya Kombewa, nikimpelekea chapati. Alisema ukibaki peke yako utahitaji mtu wa kukusumbua."

Owino akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikatupa kadi, nikaenda jikoni kuosha sufuria safi.

Nina wivu, Baba Akinyi, wacha nikwambie wazi. Nilijua hiyo kitu ni ya mimi na wewe na ile mvua. Si ungemfundisha ingine? Na kidole, hiyo kidole pia ulimpatia? Hata nikiuza omena sokoni namwona tu amekaa karibu na kitanda yako, wewe unampangia kadi juu ya blanketi, unamwongelesha polepole. Kwa nini polepole?

Lakini kumfukuza siwezi. Anacheka na mdomo yote, na Owino peke yake anasinzia. Kesho anakuja tena, na viti nimeshapanga. Yangu ya zamani nimempatia yeye. Mimi nimehamia yako, kushoto yake. Atangulie sasa, si anajua?

Nimekaa hapo tangu asubuhi nikijaribu. Hakuna upepo hata kidogo, mwongo wewe.

Ni mimi, bibi yako mwenye wivu,
Mama Akinyi