Vyuma vya Daraja Vilishika

Beni, commune ya Ruwenzori

Baba yangu mupendwa,

Jambo sana, wewe pamoja na Mama. Mimi niko muzima, nakula vizuri, na vidole vyangu vyote vingali kwa mikono. Mugongo wako unaendelea namna gani? Na maharagi, ilikomaa ao mvua iliiharibu? Tulisikia kama batu ba kwenu Kirumba balikimbilia ku mashamba, kisha tukasikia kama balirudia. Nilikuwa nasali tu. Barua yako ilipofika, nilikaa chini na kulia, halafu nikacheka. Sasa na mimi nikupatie habari yangu, ju ni ya furaha.

Ile daraja ya chuma ku njia ya Butembo iliharibika kwa mapigano. Ile vyuma ya muviringo yenye kufunga vipande vyake, ile tunaita axe, ingine ilikatika, ingine batu baliiba. Magari ikasimama huku na huku. Bamama balikuwa banapita na mizigo ku mugongo, bakishika kamba. Mumoja aliteleza na ndizi zake. Yeye balimutoa, ndizi maji ilibeba.

Mzee Kambale, patron wetu ku atelier ya kuchonga vyuma, akaniita. "Kavira, benye biashara banataka axe mupya. Utaweza?"

Nikamuuliza, "Na chuma itatoka wapi?"

Ya kuuza hapakuwa. Muhindo, soudeur wetu mwenye kuunga vyuma, njo alienda kutoa ba demi-arbre, vile vyuma vya kuzungusha magurudumu, ku magari yenye kuungua kando ya barabara. Unaijua ile chuma, Baba. Ilikula visu vya tour, mashini yangu ya kuchonga, mpaka nikachoka. Basi nikafanya vile ulinifundisha: tukaichoma katika makala ya moto mpaka ikawa nyekundu, tukaifunika na majivu, ikapoa polepole. Asubuhi ikakubali kisu, ikatoa nyuzi ndefu zenye kung'aa. Nilifurahi sana.

Mais axe za kwanza zilikataa. Nilizichonga zote kwa kipimo kimoja, na kule ku daraja ingine haikuingia, ingine ilicheza ndani. Matundu ilikuwa imekulika, kila moja kwa namna yake. Donc ikalazimu kupima tundu kwa tundu, maji chini yetu. Daraja ilikuwa imesimama tu ju ya miti yenye tuliiwekea. Muhindo alinifunga kamba ku kiuno, akaishika.

"Usiangalie maji," akasema.

"Niangalie nini basi?"

"Angalia tundu."

Nikaangalia tundu. Tuliporudia ku atelier, nikachonga kila axe kwa tundu yake, nikaipiga alama. Kisha tukazichoma tena, tukazizamisha katika mafuta ya zamani ya moteur, tukazipasha moto kidogo zisivunjike kama chupa.

Tulipokuwa tunazifunga, commandant mumoja akafika na basoldats bake. Akaniangalia, akamuuliza Mzee Kambale kwa Lingala kama ni mwanamuke njo alizichonga. Mzee akaitika. Commandant akasema kwa Swahili, pole pole, "Gari yangu ikianguka hapa, atelier yenu najua fasi iko." Nikafunga axe ya mwisho.

Njo mzee mumoja, Paluku, shofere wa camion ya maharagi, akasema, "Yangu itapita mbele. Mais huyu binti mwenye kuchonga axe akae hapa kando yangu."

Nikapanda. Mzee Kambale alitaka kunikataza. Nikamwambia niliisha kuketi. Miti ya chini balikuwa bameitoa. Paluku alifanya alama ya musalaba, akaweka vitesse ya kwanza, camion ikaanza kutambaa. Baba, daraja ililia. Kila kipande kililia, na mimi nilijua kila sauti inatoka ku axe gani. Katikati ikashuka kidogo, vile ilipashwa kushuka. Nilisikia tairi za mbele zikipiga udongo, kisha za nyuma, na bamama ba ng'ambo ile bakaanza kuimba. Balinishusha kwa mikono. Mama mumoja alinifunga kitenge chake ku kiuno, juu ya salopette yangu ya kazi yenye mafuta, na nilicheza, Baba, mimi mwenye hata ku ndoa ya dada yangu Masika nilikataa kucheza. Muhindo alicheza na kamba ingali mu mukono.

Commandant naye akapita na gari yake. Alisimama kando yangu, akasema tu, "Merci, Mama tourneuse," akaenda. Sasa mutaa mzima unaniita vile, Mama mwenye kuchonga chuma.

Salimia Mama sana. Salimia yaya Masika na batoto bake, na shangazi mwenye kuuza chumvi ku soko. Umwambie chumvi itapita sasa. Salimia na katekista, ju najua alituombea.

Barua hii inakuja na Paluku mwenyewe. Usimuache arudie bila kula. Na akiisha kula, Baba, vaa koti yako, upande naye. Fasi ya mbele, kando yake, ameisha kukuchungia. Mukifika ku daraja, umwambie aende pole pole, usikilize.

Mimi binti yako,
Kavira