Maziwa ya Asubuhi ya Upasuaji

Nainokanoka, Ngorongoro

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujaniuliza nakujibu: nimeshapasuliwa, naendelea vizuri, nimekaa kitako kitandani kwangu na kalamu nimeishika mwenyewe. Sasa zamu yako. Goti linakuachia uiname, au bado unaswali kwenye kiti? Na mikorosho imetoa maua? Huku ni ukungu mtupu, ng'ombe wa jirani nawajua kwa kengele zao tu.

Kwenye simu nilikwambia nimetoka salama, basi, maana mtandao wa huku haukai. Lakini siku ile kabla sijashuka hospitali ya Karatu uliniuliza, "Utashikwa mkono na nani?" Simu ikakatika. Ukweli ni kwamba hata isingekatika, sikuwa na jibu. Ndiyo maana nakuandikia.

Unajua jinsi Korona ilivyoniacha. Yenyewe iliondoka, mabaki yake yakafanya makazi. Nikiandika nusu ubao inabidi nikae, na watoto wangu wa darasa la pili wamezoea, mwalimu akikaa wananyamaza bila kuambiwa. Kichwa nacho kinasahau mambo ya jana. Kwa hiyo uvimbe wa kizazi, hata na damu yote ile iliyokuwa ikinitoka, haukunitisha sana. Kilichonitisha ni nusu kaputi. Niliwaza, mtu anayehema akifunga kamba za viatu, akilazwa usingizi mzito hivyo, ataamka? Na safari ya kuja Masasi nisingeiweza, mama, usininunie.

Aliyeshuka nami ni jirani yangu, Mama Naserian. Sikumwomba. Alitokea asubuhi ya safari na shuka zake, fimbo yake na kibuyu cha maziwa, akasema, "Mtu hapelekwi kukatwa peke yake kama mbuzi." Akapanda gari.

Hospitali muuguzi alituambia vizuri kabisa: tangu usiku, usile kitu. Sikula. Alfajiri Mama Naserian akanimiminia kikombe cha maziwa kama anavyonipa kila siku tangu nihamie huku, na mimi nikanywa kama ninavyokunywa kila siku. Muuguzi akaja, "Mwalimu, umekula?" Nikasema sijala. Wala sikudanganya, mama. Huku maziwa hayahesabiwi. Mtu anakunywa maziwa, ndipo anauliza chakula kiko wapi.

Nikaingizwa chumba cha upasuaji. Mtaalamu wa usingizi, baba mmoja Mwiraqw mwenye sauti ya chini, akainama anisikilize kifua. Akanusa.

"Mwalimu, umekunywa nini?"

"Maziwa kidogo tu."

"Ya kwenye kibuyu," akasema. "Mimi ni mtu wa Kansay. Kwetu nako vibuyu vya maziwa hufukizwa moshi, harufu yake naijua."

Akaweka sindano chini na kusema leo hapasuliwi mtu. Akanieleza kwamba maziwa yakipanda wakati nimelala yanaweza kuingia kwenye mapafu. Nikaanza kulia. Nikamwambia, hapo hapo penye mapafu ndipo ninapoumwa. Akavuta kiti. "Mapafu yana nini?" Mama, kumbe sikuwa nimemtajia mtu Korona pale. Nilidhani wanaopasua tumbo hawana habari na kifua. Nikamwambia yote, pumzi, moyo kwenda mbio, kusahau, na hofu yangu ya kutoamka. Hakunicheka. Alinibana kidoleni kifaa cha kupima hewa kwenye damu, tukatembea naye ukumbini taratibu, anaangalia namba huku nikihema. Mwisho akasema, "Sikulazi usingizi. Nitakuchoma ganzi ya mgongoni, utakuwa macho, unapumua mwenyewe. Na mimi nitakaa kichwani pako."

Mama Naserian aliposikia habari ya maziwa, aliketi barazani akafunika kibuyu kwa shuka. "Nilitaka kukuua," alisema. Nikamwambia hapana, bila maziwa yako nisingeulizwa kitu. Hakusikia. Siku nzima ile na usiku wake hakutia kitu mdomoni, hata maji. Alisema nikikaa na njaa, tunakaa wote.

Kesho yake nilipasuliwa. Nilikuwa macho, miguu siisikii, naona taa tu. Yule baba alinihoji habari za korosho mwanzo hadi mwisho, na kila nilipoanza kuhema aliniambia, "Pumua tu, mengine tuachie." Nilimshukuru Mungu kwa kila pumzi.

Nilipokubaliwa kunywa, alikuja mwenyewe hadi wodini, akamsalimia Mama Naserian kwa heshima, akamwita mama kwa Kimaasai, "Yeyo, sasa mpe maziwa." Mama Naserian akanimiminia kikombe hadi juu. Nilikunywa yote, naye ndipo akanywa.

Pumzi bado ni ile ile, sikufichi. Nikitembea hadi mlangoni napumzika. Lakini damu imekoma na rangi imenirudia, na mwalimu mkuu amesema nisiwaze kurudi darasani hadi nipate nguvu.

Nisalimie kaka mkubwa, mwambie aache kukuchosha na habari za kuuza mbuzi. Msalimie shangazi wa dukani, na wifi mwenye mimba, ale vizuri. Mjomba anayeniombea msikitini mwambie dua zimefika.

Nilipokuwa naandika haya Mama Naserian, aliyekaa hapa mlangoni, ameniuliza naandika nini kirefu hivyo. Nikamwambia swali lako, la mkono. Amefikiri kidogo. "Mwandikie kwamba pale ndani waliushika wao," amesema, "na huku nje niliushika mimi. Na habari ya maziwa uiandike pia, usinifichie."

Nimeiandika, mama.

Mwanao anayepumua,
Zuhura