Jumatatu ya Mnyapara

Baba Namsifu,

Nimeambiwa ninyamaze. Mimi! Mwalimu wao wa sanaa, yule kijana wa Kisukuma, ametoka mlangoni na kidole mdomoni, akanisogezea benchi hadi huku chini ya dirisha la ukumbi, akasema, "Mama, shikamoo, lakini naomba hata kijiko kisigonge sufuria." Humo ndani wanarekodi mchezo wa mwanao. Basi kwa kuwa sina ruhusa ya kusema, nimeomba karatasi na kalamu, na wa kumwandikia sina mwingine ila wewe. Mama Elifuraha, jirani yetu, kakaa hapa pembeni yangu. Amekuja kusikiliza, na mimi najua amekuja kuona kama nitaaibika. Hawezi kusoma ninachoandika, miwani ameiacha nyumbani.

Sikiliza, mume wangu. Humo ndani kuna jambo lako, nami ndiye niliyelitoa. Nitakueleza. Usinikatize.

Kwanza habari za mtoto. Namsifu yuko kidato cha tatu sasa, hapa Same. Urefu ni wako, akili watu wanasema ni za upande wa kwetu na mimi sijawahi kuwakatalia. Tangu uondoke mambo ni yale yale ya kubana. Kahawa haina bei hata ya kumlipa anayeichuma, shule ni michango juu ya michango, na nguo tunanunua za mitumba. Lakini mwanao hajakosa daftari. Nauza ndizi, nauza tangawizi, nauza hata maneno matamu, tunaishi.

Sasa shule imepata kompyuta. Moja. Wameifunika kitambaa cha kudarizi kama meza ya mchungaji. Halafu redio moja ya Moshi ikasema inatafuta mchezo wa kuigiza uliotungwa na wanafunzi wenyewe, na fundi wa kurekodi atapita hapa Jumamosi moja tu, ambayo ndiyo leo. Shule isiyokuwa tayari ataipita, zamu yake apewe nyingine. Unafikiri kiongozi wa mchezo kachaguliwa nani? Nisiseme. Unajua mwenyewe.

Mchezo ni wa mnyapara wa shamba la mkonge. Shamba linauzwa kwa mwekezaji, watu wanapunguzwa, na yeye mnyapara anapunguzwa pamoja nao. Habari hizo walizipata kwa mwenzao Idi, kijana wa kijiji cha Bendera, ambaye baba yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge akaishia kuachishwa. Idi ndiye anayeigiza mnyapara. Naona umeshaanza kukunja uso. Subiri.

Mwalimu akawafundisha kupanga kazi yao yote ndani ya kompyuta. Kuna programu ya hivyo. Kila kazi ina mstari wake: kuandika onyesho la kwanza, la pili, kutafuta ngoma, kutengeneza sauti ya lori. Pembeni unaandika jina la mwenye kazi na siku ya kumaliza. Kazi ikiisha unaweka alama ya vema, mstari unageuka kijani. Ikichelewa unakuwa mwekundu kama pilipili. Mimi nilipelekwa nikaonyeshwa kwa macho yangu, wiki mbili zilizopita. Mistari yote kijani, kama mpunga wa Ndungu! Nikashuka sokoni nikiwa sikanyagi chini. Nikatangaza sokoni, nikatangaza kanisani kwenye baraza baada ya ibada: "Kazi ya mwanangu imekwisha, na siyo mimi ninayesema, kompyuta yenyewe imesema." Mama Elifuraha akanijibu mbele za watu, "Wewe kwako hata kuku akitaga unataka kengele ya kanisa ipigwe." Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana nilikuwa na kompyuta upande wangu.

Kumbe hapakuwa na kitu, Baba Namsifu.

Watoto wetu hawa, kwenye kila mstari, pale pa jina, waliandika "Wote". Ungetegemea waandike nini? Si ndivyo walivyolelewa? Pembe ya msaragambo ikiita watu kwenye kazi ya kijiji, kila mtu anashika jembe anakwenda mferejini, hakuna anayeambiwa hili lako hili la fulani, na anayetafutwa ni yule ambaye hakufika ili alipishwe faini. Ukishafika, umehesabiwa. Basi na wao kila walipofika kwenye kikao cha mchezo, kila mmoja alikwenda kwenye kompyuta akaweka vema. Amefika! Vema, vema, vema, mpaka ikawa kijani yote. Mwalimu, mtu wa kwao Mwanza, naye akaona kijani akalala usingizi wake. Jumatano ya wiki hii ndipo alipowaambia, "Haya, nileteeni onyesho la mwisho nilisome." Wakatazamana. Kila mmoja alidhani limeandikwa na wenzake.

Alhamisi jioni Namsifu alirudi nyumbani, hakula. Nilikuwa nachambua maharage. Akakaa kwenye kigoda chako, akaniambia mwalimu amekataa miisho yote waliyomletea siku ile. "Mmoja kaandika mnyapara anashinda bahati nasibu. Mwingine kamfanya mwinjilisti. Mwalimu anasema ni uongo mtupu, na kama hatuna mwisho wa kweli atampigia fundi simu asije." Halafu akaniuliza, ananitazama usoni: "Mama, mtu ambaye kila mtu anamwita mnyapara, akiachishwa kazi Ijumaa, Jumatatu anaamkaje?"

Mkono wangu ukabaki ndani ya ungo.

Ulisema, "Hili libaki kwangu, kwako na kwa kitanda hiki." Sikusahau. Nimelibeba wakati wa uhai wako, nimelibeba msibani wakati walipokuwa wanasimama mmoja mmoja kukusifu, "mnyapara wetu, mnyapara wetu", nami nimejitanda kanga kichwani. Wala sikuona ni mzigo. Ulikuwa wangu na siri ilikuwa yangu, niigawane na nani?

Lakini mtoto aliuliza, na jibu nilikuwa nalo mimi peke yangu katika nchi hii nzima.

Nikamwambia. Kwamba na wewe uliachishwa, na Jumatatu yake ulivaa kaki yako, nikakufungia viazi, ukashuka unawasalimia watu kwa ile sauti yako ya kuhesabia vibarua. Kwamba hukwenda shambani. Ulipita Same ukaendelea mbele, kule kwenye kokoto ambako watu wa kwetu hawapiti, ukakodi nyundo ukakaa chini ukapasua mawe. Jumamosi ulioga kwenye mto kabla ya kupanda mlima, ukavaa tena kaki, ukaja na sukari kama siku zote. Ila kope zilibaki nyeupe. Mkonge hauachi vumbi la namna ile. Nilipokuuliza uligeukia ukutani kwanza, ndipo ukasema. Na Jumatatu nyingine nikakufungia tena viazi, na Jumatatu nyingine, mpaka kifua kilipokukamata.

Namsifu hakulia. Mtoto huyu! Akavuta daftari akauliza, "Kaki alikuwa anaiweka wapi akipasua mawe?" Nikamwambia ulikuwa unaikunja unaiacha kwa mama mmoja muuza chai, ili isipate vumbi. Akaandika. "Na viazi alikula saa ngapi?" Sijui, nikamwambia, hilo sijui. Akaandika tena, akaacha, akasema, "Kumbe baba alikuwa mwigizaji kumshinda Idi." Hapo ndipo alipolia. Na mimi.

Asubuhi yake, Ijumaa, niliamka nimejuta. Nikaona uso wako. Nikaona na uso wa Mama Elifuraha, kusema kweli, na wa mke wa mchungaji, na wa wale wote niliowaambia kwamba shamba lile lingesimama ukiugua siku moja. Nikashuka mbio hadi shuleni kumwambia mtoto afute. Nikamkuta mbele ya kompyuta na wenzake, amefuta "Wote" kila mahali, anaandika majina. Lori: Idi. Ngoma: fulani. Anawaambia, "Na asiweke vema mtu mpaka niione kazi yenyewe mezani." Uliisikia sauti hiyo? Ni yako kabisa! Mstari wa mwisho uliandikwa "Jumatatu: Namsifu", na chini yake, mume wangu, "Chakula: Mama Namsifu".

Jina langu limo ndani ya kompyuta. Mwanamke wa darasa la saba. Nikasimama pale nimesahau kilichonileta. Hapana, sikusahau. Nilishindwa.

Ngoja.

Umeme umekatika.

Nimerudi. Nakueleza lilivyokuwa.

Walikuwa wamebakiza onyesho moja tu, hilo lako. Mgao wa umeme siku hizi hauna adabu, unakuja bila hodi. Wakatoka nje wote, wameduwaa. Fundi wa Moshi, baba mnene mwenye haraka, akaanza kukunja waya zake. "Nina basi," anasema. "Nikilikosa silali nyumbani. Huo mchezo nitaupeleka hivyo hivyo, uishie pale anapofukuzwa." Mwalimu anamsihi. Yeye anakunja waya.

Sasa nisikilize, maana hapa nilikuwa peke yangu. Makande yangu yalikuwa tayari. Fundi akasema labda ale mara moja ndipo aondoke. Nikashika upawa. Nikajua kabisa: nikimpakulia kidogo na haraka, ameondoka, na jambo lako limerudi kitandani kwetu, na hakuna atakayenilaumu, nitasema umeme. Nani ataulaumu mkono wangu? Namsifu alikuwa amesimama mlangoni na makaratasi yake kifuani. Alikuwa ananitazama mkono.

Nikampakulia sahani imepanda kama mlima. Kabla hajaifikia katikati nikaongeza. "Mama, imetosha." Nikamwambia, "Baba, wewe ni mtu wa Moshi, makande ya Upareni huyajui. Hiyo ilikuwa ya kuonja tu, kula yenyewe ndiyo inaanza." Nikamletea ndizi mbivu. Nikamletea maziwa mgando. Nikamsimulia jinsi yanavyopikwa tangu mahindi yakiwa shambani. "Mama, nitapasuka!" Nikamwambia, "Upasuke kwangu, nitakuzika vizuri." Watoto wakacheka kwa mara ya kwanza leo, na yeye akacheka, akalegeza mkanda, akaomba maji. Basi lake tulilisikia linapiga honi kule barabarani likaondoka. Akanitazama. Nikatazama sufuria.

Umeme ukarudi.

Wakaingia. Mimi nikarudi benchini, na Mama Elifuraha akarudi pembeni yangu. Dirisha wamelifunga lakini sauti inapita. Nikamsikia Idi anawasalimia watu njiani, sauti nene, ya kujidai. Kisha kimya. Kisha jiwe juu ya jiwe, kwa, kwa, kwa. Anapumua. Anapasua tena. Halafu sauti ya msichana, nadhani ndiye mkewe humo mchezoni, anauliza polepole, "Mbona kope zako ni nyeupe?"

Nikainamisha kichwa.

Mama Elifuraha akasogea. Alikuwa ameacha kutabasamu. Akaniuliza sikioni kwa kunong'ona, kwa Kipare chetu, siyo kwa Kiswahili, kama huyo wa ndani ni Baba Namsifu. Ningeweza kukataa, mume wangu. Ni mchezo tu, watoto wametunga. Neno hilo lilikuwa limefika kwenye ulimi. Nikamwambia, "Ndiye. Mume wangu huyo."

Mwenye ulimi wote ule! Alivua kanga yake ya juu akanifunika mabegani, na hapana baridi.

Wamemaliza sasa hivi. Nasikia makofi humo ndani, viti vinaburutwa, mwalimu anaita jina la mwanao. Itabidi niinuke, na nina sufuria ya kuosha, na fundi wa watu wa kumtafutia pa kulala.

Pumzika, Baba Namsifu. Kama umenikasirikia, nikasirikie mimi, mtoto mwache. Na nakuahidi hivi: siku redio itakapoutoa mchezo huu, sitafunga mlango wala sitajitanda kanga. Nitaweka redio dirishani, sauti hadi mwisho, na atakayeniuliza nitamjibu kwamba mume wangu alipasua mawe ili mimi niendelee kutembea kifua mbele. Na nitawaambia kwamba kule kwenye kokoto hapakuwa na mwanamume aliyezipasua kama wewe. Sijui kama ni kweli. Nitasema hivyo hivyo.

Mkeo,
Mama Namsifu