Masahihisho ya Neno la Mkate

Rafiki yangu Rajabu,

Nilikufundisha vibaya, nawe ukafa ukiamini. Sasa ni miezi minne tangu tukuzike katika makaburi ya Kibuli, na kosa hili sina pa kulipeleka ila kwako.

Unaikumbuka kanuni ya darasa letu la watu wawili, barazani kwangu, kila Ijumaa ulipotoka zamu ya polisi: anayekosea huandika masahihisho kwa mkono wake, kisha humsomea yule aliyepotoshwa na kosa hilo. Kanuni hiyo niliiweka mimi. Wewe uliandika masahihisho kurasa kwa kurasa. Mimi sikuandika hata mstari mmoja.

Siku ile ulifungua kitabu cha Kiingereza ukaniuliza, "Mwalimu, hii neno, 'companion', yaani mwenzi, mama yake nani?"

"Neno hili," nikakwambia.

"Haya, neno hili. Lakini mama yake nani? Ama ilianguka tu kutoka juu, kama wakubwa wetu?"

Nilitazama barabarani kwanza nione kama yupo anayetusikia, kama tulivyozoea sote siku zile za wanajeshi. Kisha nikakujibu kwamba limetokana na kampuni, na kwamba lilikuwa neno la wafanyabiashara. Sikujua, Rajabu. Niliona haya kusema sijui.

"Basi mimi na wewe si hiyo," ukasema. "Sisi hatuuzi kitu." Ukachukua kalamu, ukalikata neno hilo katika daftari lako. Ulikuwa umeliandika pembeni ya jina langu.

Juzi niliazima kamusi kubwa ya shule. Asili ya neno hilo ni Kilatini: mtu unayekula naye mkate. Kampuni ilizaliwa baadaye, kutokana na neno hilohilo. Nilikuwa nimemfanya mtoto kuwa mama.

Mkate. Wewe ndiye uliyepanga foleni tangu alfajiri, wanajeshi wakipita mbele yako, ukaja na nusu mkate ndani ya kofia yako ya kazi ili usionekane njiani. Tuliula kwa chai isiyo na sukari. Uliniachia sehemu laini kwa sababu ya meno yangu. Sikumbuki kama nilikushukuru. Nakumbuka nilikusahihisha.

Siku hizi hakuna anayekosea mbele yangu. Nyumba imejaa Kiswahili safi, na hakuna wa kuzungumza naye. Ningetoa sarufi yote ninayoijua nisikie "hii neno" mara moja tu.

Daftari lako analo binti yako Zainabu, naye hujisomea humo. Ijumaa hii nitakwenda kwake. Nitaandika masahihisho kwa mkono wangu, nimsomee yeye kwanza, kisha nije kaburini nikusomee wewe, nikiwa nimesimama, kwa sauti, hata wapita njia wakisikia. Sauti ikikatika, nivumilie, nitaanza upya.

Mungu akupe mapumziko mema.

Ni mimi, uliyekuwa ukila naye mkate.