Wasahihishaji wa Ghorofa ya Juu

Mpendwa Shangazi, shikamoo. Naomba msaada, na nakuomba usinicheke, maana hata mimi nikijisoma naona kama maneno ya mtu aliyechanganyikiwa, ila kichwa changu ni kizima, nakula, nalala, na kazini nafika saa moja na nusu kila siku.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nafundisha nchi ya watu, huu ni mwezi wa kumi na sita, katika shule binafsi iliyo ghorofa ya tatu juu ya duka la mapazia, darasa moja, wanafunzi thelathini na mmoja wa miaka kumi hadi kumi na miwili. Kazi hii niliitaka mwenyewe, hakuna aliyenisukuma. Rafiki yangu wa chuo, tuliyemwita Twiga kwa shingo yake na miguu yake, alitangulia kuja hapa, akawa ananiandikia kila mwezi kwamba shule ni nzuri, chakula kinatosha, Mkuu ni kama mzazi, njoo. Barua zenyewe zilikuwa za Kiingereza, Shangazi, na mimi na Twiga tangu tujuane hatujawahi kuandikiana Kiingereza, tulikuwa tunakifundisha tu, lakini nilijisemea huyu amefika ng'ambo sasa anaringa, nikacheka peke yangu, nikajaza fomu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Twiga aliondoka wiki moja kabla sijafika. Mkuu wa shule aliniambia ameolewa mji mwingine na hakuacha namba, akanipa koti la kijivu ambalo kila mwalimu hapa analivaa, na mfukoni mlikuwa na kibanio cha nywele cha Twiga, nakijua, tulikinunua pamoja. Nilipoingia darasani watoto wote walisimama, hawakunitazama usoni, walitazama koti, kisha wakakaa wakafungua madaftari bila mtu kuwaambia.

Watoto wale hawasemi, Shangazi. Si kwamba hawana adabu, adabu wanayo mpaka inatisha, ila hawaulizi wala hawabishi wala hawachekani. Shule hii haifundishi kuongea, inafundisha kunakili. Muhula wa kwanza kazi yao ni kujifunza mwandiko wa mwalimu, na alama wanapewa kwa jinsi wanavyofanana naye, kwa hiyo kila herufi ninayoandika ubaoni wanaiandika vile vile, hata ile "g" yangu inayopinda kama ndoano. Mwezi wa nne nilichukua daftari la mtoto nikadhani ni langu. Chochote nitakachoandika popote, wao wananakili. Siku moja niliandika orodha ya vitu vya kununua kwenye karatasi, sabuni, vitunguu, betri, kesho yake nikaikuta kwenye madaftari yote.

Kusahihisha nako si kazi yangu. Kwenye ngazi ya kwenda ghorofa ya nne kuna tundu la mraba darini, na kila siku saa tisa kikapu kinateremshwa kwa kamba, mama mfagiaji anakijaza madaftari, kikapu kinapanda, na kesho yake adhuhuri kinashuka kazi ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu. Niliuliza nani anasahihisha, nikaambiwa ni ofisi. Ile alama ya vema ina mkia mrefu unaofika hadi ukingoni, na kosa linakatwa kwa mistari miwili, si mmoja. Twiga alikuwa anasahihisha hivyo hivyo chuoni, mpaka tulikuwa tunamtania. Nilipomwambia Mkuu, alisema wasahihishaji wote wanafunzwa namna moja. Mlango wa ghorofa ya nne umefungwa, na nje yake zimepangwa pea sita za viatu vya kike, vina vumbi, havijawahi kusogea tangu nije. Pea moja ni kubwa sana. Nilijiambia wanawake wenye miguu mikubwa ni wengi.

Sasa sikia hili. Kila Alhamisi kuna somo la Barua kwa Ndugu, maneno yanatoka kwenye kitabu cha shule, mimi naandika ubaoni, watoto wananakili, Mkuu anakusanya. Shule ni nzuri. Chakula kinatosha. Mkuu ni kama mzazi. Shangazi, niliyaandika maneno hayo wiki baada ya wiki na mkono wangu ulikuwa unatangulia kabla sijatazama kitabu, nikawa najiuliza nimeyaona wapi, mpaka siku nilipotoa barua za Twiga kwenye sanduku. Ni zile zile, nukta kwa nukta. Zilikuwa za watoto.

Na mimi ninaye mdogo wangu wa kike, amesomea ualimu ila anauza kwenye duka la dawa, na kwenye fomu niliulizwa ndugu mwenye cheti cha ualimu pamoja na anwani yake, nikajaza. Nilimpigia simu kumwambia asiziamini barua zinazomfikia kwa jina langu, si zangu, akacheka akasema, "Dada, mwandiko wako nisiujue? Wewe mwenyewe kila nikikupigia unasema huko raha mustarehe, leo imekuwaje? Au unataka kunizibia riziki?" Mama akachukua simu akasema, "Mwache mwenzio naye atoke. Umekuwa na roho ya namna gani?" Na kweli, miezi yote hiyo nilikuwa nawadanganya kwamba mambo ni mazuri, niliona aibu, mtu umeagwa kwa sherehe utarudije kusema kazi ni ya kunakilisha watoto mabubu? Mdogo wangu akaacha kazi dukani. Nikawa nataka kuondoka kimya kimya, lakini nikiondoka na yeye anafika, atavaa hili koti na kuambiwa nimeolewa mji mwingine.

Naiandika barua hii darasani watoto wakiwa na kazi. Ngoja kidogo, naitwa ofisini.

Nimerudi. Barua niliisahau mezani lakini nimeikuta pale pale, na watoto wako kimya wameinamia madaftari, namshukuru Mungu. Mkuu amesema mdogo wangu amekubaliwa, anafika tarehe ishirini na tano. Siku hiyo nimkabidhi koti. Nikauliza, na mimi je? Akatabasamu, akasema, "Wewe umefanya vizuri. Unapanda juu." Nikasema sitaki, nataka pasipoti yangu aliyonifungia ofisini tangu nije, nirudi nyumbani. Akasema, "Kila mmoja husema hivyo."

Nifanyeje? Nitoroke nimwache mdogo wangu aje ajionee, au nibaki nimpokee, niwe naye karibu hata kama ni juu? Barua hii kesho nampa mama mfagiaji, mtoto wake yuko darasani kwangu na ananihurumia, sina gundi, bahasha ataifunga yeye. Namba ya simu ya mdogo wangu nimeiandika nyuma, tafadhali usiichapishe.

Ni mimi, mwalimu wa ghorofa ya tatu.

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kukugombeza, kwa sababu pole ukipewa mwanzo utaketi nayo ulie, na muda wa kulia huna. Mama yako ana haki ya kukushangaa. Ulimwambia mtoto wa watu raha mustarehe miezi kumi na mitano, mwezi wa kumi na sita unataka akuamini kwamba ni kuzimu? Zile barua zilimvuta, lakini na wewe kwenye simu ulikuwa unazigongea muhuri. Aibu yako ndiyo iliyomwachisha kazi duka la dawa. Kubali hilo, kisha liache, tuna mengine.

Pole sasa nakupa. Miaka kumi na tisa najibu barua za wake wenza, za mawifi, za waliotapeliwa viwanja, na sijawahi kuogopa karatasi. Yako imenitia hofu. Nilifunga dirisha mchana kweupe.

Bahasha yako ilikuwa nene. Nilipoifungua nilihesabu karatasi thelathini na mbili, zote zimejaa mwandiko mmoja, na ile "g" ya ndoano. Nilidhani umeniandikia kitabu. Kumbe moja ndiyo barua yako, na nyingine thelathini na moja ni nakala zake, kila moja imechanwa kwenye daftari lake. Zinaishia pale uliposema naitwa ofisini. Ulipotoka, wanafunzi wako walifanya walichofundishwa. Hawajui hata neno moja la Kiswahili, lakini hawakukosea hata nukta. Saa tisa madaftari yakapanda kwenye kikapu kama kawaida, adhuhuri yakashuka, na yule mama mfagiaji akachana kurasa akazitia humo kabla hajafunga. Mama huyo ana akili kuliko mimi na wewe.

Maana nakala zote zimesahihishwa. Wino mwekundu, vema yenye mkia hadi ukingoni. Na kosa ni moja tu, katika zote thelathini na moja, mahali pale pale. Ulipoandika kwamba Twiga aliondoka, neno hilo limekatwa kwa mistari miwili, na juu yake limeandikwa: "Sijaondoka."

Unaniuliza swali ambalo jibu lake umelipita kila siku ukienda ngazini. Viatu uliviona, mwanangu. Alama uliitambua. Ulikataa kujua, kwa sababu ukijua ungelazimika kufanya jambo.

Basi fanya haya. La mdogo wako nimeshalifanya mimi. Nilimpigia, akaanza kunijibu kwa ujeuri, eti mimi shangazi wa magazetini yananihusu nini. Sikubishana naye. Nilimtumia picha ya nakala moja. Alipoiona akasema, "Huyu ni dada Twiga. Likizo zile alizokuwa anakuja kwetu, ndiye aliyekuwa ananisahihishia madaftari." Akalia. Tiketi amerudisha, na mama yako ameambiwa kila kitu, hana hasira tena, ana presha. Hakuna wa kukabidhiwa koti. Jibu hili mdogo wako atakusomea kwa simu, kwenye gazeti litatoka ukishakuwa mbali.

Wewe usibaki. Kuwa naye karibu hata kama ni juu, hayo si mapenzi, ni woga umevaa nguo nzuri. Usitoroke na sanduku pia. Vaa nguo za kila siku, toka saa ya mapumziko ukiwa na pochi yako tu, kama mtu anayefuata vitunguu. Koti liache kwenye kiti, usitoke nalo hata kama kuna baridi. Pasipoti usiiombe tena, ubalozi wetu unajua kumpa raia karatasi ya kusafiria, wameshafanya hivyo kwa wengi. Ngazi ya ghorofa ya nne usiikanyage, hata ukisikia unaitwa kwa jina lako la utotoni. Usijifanye shujaa wa kuvunja mlango peke yako, wa kuvunja mlango wana mishahara yao. Nenda moja kwa moja ubalozini, na usiondoke huko mpaka watu waandamane na wewe kurudi shuleni, na nakala tano nimeshawatumia kwa mkono wa msafirishaji, saini yao ya kupokea ninayo.

Kabla hujatoka darasani, andika ubaoni kwa Kiswahili: Twiga, tunakuja. Watoto watanakili. Saa tisa kikapu kitapanda.

Na huko ubalozini watakuuliza mwalimu aliyekutangulia yuko wapi. Usirudie kosa lako. Mwenzako ameshakusahihisha mara thelathini na moja.