Kitabu cha Jenereta Kimepatikana Voi

Dada Wakesho,

Hujambo huko kwenye baridi? Voi ni jua na vumbi tu.

Kile kitabu cha jenereta ya trekta nimekipata kwa fundi mzee nyuma ya stesheni, kizima, kimejaladiwa kwa gazeti. Nikamuuliza kwa ukali amekitoa wapi. Akashangaa: "Si ni wewe uliniazima, siku ulipokuja kutafuta mkanda wa trekta?"

Nikakumbuka papo hapo. Nami nilikusingizia mbele ya watu kwamba ulikitumia kuwashia moto jikoni! Nisamehe, dada yangu.

Nimekuandikia kadi isiyo na bahasha makusudi. Mwalimu anayegawa barua hapo Mghange huzisoma zote, kwa hivyo kabla haijakufikia, kijiji chote kitakuwa kinajua kosa lilikuwa la nani.

Kakako anayekupenda,
Mwadime