Vitanda Sita vya Safari ya Mafia

Mwanjelwa,
Mbeya.
18 Mei 2025

Mpendwa wifi yangu Lusekelo,

Ndaga, wifi. Hujambo? Mtoto naye hajambo? Ile homa iliyokuwa ikimsumbua imekwisha? Huku baridi imeanza kuuma, asubuhi maji hayashikiki, lakini wote tu wazima. Magoti ya baba ni yale yale. Mama amevuna maharage vizuri na fungu lako amekwishalitenga.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Karatasi huwezi kuikatiza.

Nimekasirika, wifi. Safari hii ya likizo ya Juni niliipanga mimi: treni hadi Dar, basi hadi Nyamisati, kivuko hadi Kilindoni huko kwenu Mafia, ili baba amwone mjukuu mwenye jina lake kabla macho hayajafifia kabisa. Wewe ukasema tiketi za treni nikuachie. Ukahesabu watu: baba, mama, Ambokile, mimi, na wanetu Isakwisa na Jackline. Sita. Chumba cha daraja la pili kina vitanda sita, ukachukua chumba kizima. Hesabu haina kosa, lakini watu si mifuko ya saruji. Mimi nauza saruji, najua tofauti.

Jumapili iliyopita tulikuwa kwa wazee Rungwe. Kaka yako Ambokile akausoma ujumbe wako kwa sauti, kwamba raha ya safari ni wote kulala pamoja. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia kikombe kikiwekwa chini. Baba alitoka bila kumaliza chai, na jioni akasema haendi tena.

Ulifikiri nini? Mkwe na mkamwana wake, usiku mzima chumba kimoja, mmoja kitanda cha juu mwingine cha chini? Na ulipopigiwa simu, badala ya kurekebisha, ukamwambia Ambokile: "Basi Faustina abaki na duka, yule si mtu wa likizo." Akanifikishia maneno hayo huku anatafuna karanga, kama mtu anayesimulia mvua.

Wifi, mila hii ulinifundisha wewe. Kwetu Ilula mkwe tunampigia magoti, tunamsalimia, maisha yanaendelea. Nilipokuja kwenu bibi harusi nikamsogelea baba nimpe mkono, naye akageuka akatoka nje. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukanieleza: nikisikia kikohozi chake nipite nyuma ya nyumba, chakula nimpe mama ampelekee, jina lake nisilitaje. Nimeshika yote mpaka leo. Hata alipougua usiku ule nikamkimbiza hospitali kwa gari langu, mimi kwenye usukani, yeye kiti cha nyuma, tulitundika kanga katikati. Leo mila hiyo unaiita mambo ya kizamani, na wa kupunguzwa ni mimi.

Na duka hilo unaloniachia sikulirithi. Nilianza na beseni la nyanya, nikikimbilia madirisha ya mabasi pale Ilula. Bahari sijaiona ila kwenye kalenda.

Sasa sikia kilichotokea Jumatatu, kabla hatujarudi mjini. Baba alikuja akasimama nyuma ya ukuta wa jiko. Mimi ndani, mama mlangoni. Akamwambia mama, kwa sauti ya kutosha watu wawili: "Mwambie mwenye kupika huko ajiandae. Nikifika kwa Lusekelo bila yeye, watasema nimemfukuza mke wa mwanangu kwa sababu ya kitanda."

Nami nikamjibu mama: "Mwambie baba, kitanda nitakishughulikia mimi."

Jana nimekwenda stesheni. Kumbe siku zote utaratibu wao ni wanaume chumba chao na wanawake chao. Kuchanganyika ni mpaka familia ichukue chumba kizima, kama ulivyofanya wewe. Nimebadilisha tiketi. Baba, Ambokile na Isakwisa huko. Mama, Jackline na mimi huku. Watatu kwa watatu, na hakuna aliyebaki. Swali moja tu la kuuliza, wifi, na hukuliuliza.

Kazi yako sasa ni hii. Nitafutie chumba kwa jirani, usitupange sebule moja. Baba atakaa mbele kwenye kivuko, mimi nyuma. Tukifika, ukiona wenzangu wameshuka nami nimebaki nimekaa, usiniite wala usinihurumie. Mpokee baba yako kwanza, mpe mjukuu wake amshike. Wakishapita, rudi unichukue. Hapo tutagombana vizuri, ana kwa ana.

Msalimie shemeji, na umbusu mtoto. Mama anakusalimu, na Jackline anauliza kama shangazi anajua kuogelea. Dada yangu Apolonia wa Ilula naye anawasalimu. Mungu awalinde nyumbani mwenu, atufikishe salama sote sita.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata kwa hasira hizi,

Faustina